Mashati meupe ya shule yamegeuka manjano na sare zinanimaliza, nifanyeje wadau?

MamaWawili

Wadau habari za saivi. Nina wawili shule ya msingi, mkubwa wa kike mdogo wa kiume, na sare ndo kitu kinachonitoa jasho kuliko hata ada, maana ada unajua inakuja lini ila shati linakufia katikati ya muhula bila taarifa. Mashati ni meupe (aliyekaa akaamua mtoto wa miaka saba avae nyeupe siku tano mfululizo naomba nionyeshwe), sketi ya marinda bluu iliyokoza, kaptula rangi hiyohiyo, na sweta lenye nembo ambalo haliuzwi popote isipokuwa shuleni kwenyewe.

Sasa tatizo. Mashati yalianza kufubaa, jirani akaniambia loweka usiku kucha na blichi, yakageuka manjano hasa kola na kwapa, nikaambiwa ongeza blichi, manjano yakazidi na kitambaa saivi kimekuwa laini ule ulaini wa nguo inayokaribia kuchanika. Lebo inasema poliesta asilimia 65 pamba 35. Sketi imepauka upande mmoja tu, ule uliokuwa unaangalia jua kwenye kamba. Sweta limeota vinyoya vya duara mikono yote miwili kama mtu kalinyunyizia mbegu.

Maswali yangu: hayo mashati yanaokoleka au nikubali ninunue mengine? Na nikinunua nifanyeje yafike angalau mwisho wa mwaka? Baba yao anasema tununue zile zilizoandikwa "hazishiki madoa", bei yake imesimama, je zina maana yoyote au ni maneno ya kwenye lebo tu? Naomba msiniambie nipeleke kwa dobi, ningekuwa na hela ya dobi nisingekuwa hapa.

---

DobiMstaafu

Mama pole sana. Mie nimefua nguo za watu miaka mingi na sitakuambia upeleke kwa dobi, dobi mwenyewe sare za watoto anazikimbia.

Kwanza achana na hiyo blichi ya klorini leo hii. Sikia, shati jeupe likitoka kiwandani halina weupe wa asili, limepakwa dawa inayoshika ule mwanga wa jua tusiouona na kuurudisha kwa rangi ya bluu kidogo, ndo maana jipya linang'aa mpaka macho yanauma. Klorini inaila hiyo dawa. Ikishaliwa unabaki na rangi halisi ya uzi ambayo ni ukijivu wa manjano. Halafu mashati mengi ya mchanganyiko huo wa 65 kwa 35 yamewekewa gundi fulani ya kuzuia kukunjamana, nayo klorini inaing'ang'ania na kugeuka njano, na kila ukiongeza ndo unazidisha. Na ile pamba asilimia 35 klorini inaikata nyuzi polepole, huo ulaini unaousema ndo huo. Kwahiyo blichi ya jirani ingefaa labda kwenye shuka la pamba tupu, tena kidogo na kwa muda mfupi, sio usiku kucha, kwenye shati la shule hapana.

Pili, usiku kucha. Watu wanadhani nguo ikilala majini uchafu unatoka zaidi. Uchafu unatoka saa ya kwanza, baada ya hapo maji yamepoa yamechafuka na nguo inaanza kuunywa tena, asubuhi unakuta imekuwa kijivu na ina harufu. Nusu saa hadi saa moja inatosha kabisa.

Tatu, na hii ndo wengi hawaijui, mara nyingi manjano na ukijivu ni sabuni yenyewe. Jaribu hivi: chukua shati ambalo ni safi, lililofuliwa, limekauka, liweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu bila sabuni yoyote alafu lifikichefikiche. Ukiona mapovu yanakuja ujue sabuni ya juzi bado imo humo. Sabuni iliyobaki inavuta vumbi na inashika jasho, na ukipiga pasi juu yake inaungua kidogokidogo inaacha njano. Kama maji yenu ni ya chumvi (yale ambayo sabuni ya mche haitoi povu, inaacha utando mweupe kwenye beseni) ndo mbaya zaidi, maana sabuni ya mche inashikana na madini ya maji inatengeneza ule utando na utando unakaa ndani ya kitambaa. Kwa maji hayo tumia sabuni ya unga, inastahimili, na punguza kipimo. Suuza mpaka maji yawe maangavu, sio mpaka uchoke.

Kuokoa hayo yaliyopo: tafuta blichi ya oksijeni, ya unga, kwenye kifurushi imeandikwa sodiamu pakaboneti au "salama kwa nguo za rangi". Iyeyushe kwanza kwenye maji ya moto kiasi, moto wa mkono kuvumilia kwa shida, maana kwenye maji baridi inalala tu haifanyi kitu. Loweka shati MOJA kwanza saa kadhaa (hapa tu ndo nakuruhusu kuloweka muda mrefu), suuza, anika juani. Manjano ya jasho na ya sabuni yatatoka. Manjano ya klorini kwenye ile gundi hayatoki hata ukilia, kwahiyo likigoma hilo moja usipoteze unga kwa mengine, yafanye ya kuchezea. Na yale yaliyolainika usihangaike nayo, uzi uliokatika haurudi. Ukishayeyusha huo unga usiuhifadhi kwenye chupa ukafunga kifuniko, unatoa gesi chupa inaweza kupasuka.

Kola na kwapa ndo shughuli yenyewe. Kola haina udongo, ina mafuta ya shingo, na poliesta inapenda mafuta kuliko inavyopenda maji. Ukitumbukiza shati majini likiwa hivohivo maji yanateleza juu ya yale mafuta yanaenda zake. Shati likiwa KAVU paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ule mstari, iache dakika kumi, chukua mswaki wa zamani upite kufuata uzi, sio kuzungusha, alafu ndo ufue. Fanya kila mara hata kama mstari hauonekani, maana mafuta yakikaa wiki mbili tatu yanashika hewa yanageuka njano na hapo tunaongea mambo mengine.

---

BabaKijacho

Dobi umemaliza somo. Mie nilifundishwa na bi mkubwa kwamba sare mpya ya rangi unailoweka kwenye maji ya chumvi na siki ili rangi ishike isichuje. Na nyeupe unatia bluu. Hiyo haijawahi kuniangusha.

---

DobiMstaafu

Mkuu heshima kwa bi mkubwa lakini chumvi haishikishi rangi kwenye nguo iliyokwisha kutiwa rangi. Chumvi inatumika kiwandani WAKATI wa kutia rangi kwenye pamba, kuisukuma rangi iingie kwenye uzi. Nguo ikishatoka huko kinachochuja ni rangi ya ziada iliyobaki juu, na dawa yake ni kuifua peke yake mara mbili tatu za mwanzo kwa maji baridi mpaka maji yasibadilike rangi. Ndo ungeona hata bila chumvi ingeacha kuchuja.

Bluu sawa, sina ugomvi nayo. Ila tuelewane, bluu haisafishi, inadanganya jicho, rangi ya bluu inaifunika njano. Iyeyushe kwenye maji kwanza ikorogeke yote, ukidondoshea juu ya shati unapata mabaka ya anga.

---

FundiCherehani

Nyie mnaongelea sabuni, mimi nasema nguo nyingi za shule zimeshakufa kabla hazijaguswa na maji. Zinafia dukani. Mama ukienda kununua tena usiangalie rangi, geuza nguo ndani nje pale pale dukani hata muuzaji akununie.

Cha kwanza angalia upindo wa chini. Sketi au suruali yenye upindo wa sentimita 5 mpaka 7 unaishusha mwaka unaofuata, yenye upindo wa sentimita moja na nusu mtoto akirefuka kidogo tu imekwisha kazi. Hiyo ndo tofauti ya bei yenyewe, sio nembo. Cha pili nafasi ya mshono ubavuni na nyuma kiunoni, ikiwa nono fundi anakufungulia, ikiwa imekatwa sambamba na mshono hakuna cha kufungua. Cha tatu vuta mshono wa katikati ya mapaja kwa vidole gumba viwili, ukiona uzi unaonyesha meno ujue mtoto akiruka kamba umeachia. Marinda nayo angalia yamepigwa joto yakakaa au yamekunjwa kwa pasi tu, poliesta ikipigwa rinda kwa joto kiwandani linadumu kweli, la pamba utalipiga pasi mpaka mtoto amalize shule.

Size nunua kubwa namba moja, sio mbili. Namba mbili mtoto anakanyaga upindo, bega linaanguka, mkono unaingia kwenye wino na kwenye maji ya kunawia, nguo inachakaa kabla hajaifikia. Namba moja kubwa alafu unapunguza kiuno kwa lastiki yenye vitundu vya kifungo au mishono miwili ya mkono.

Na siku umenunua kabla hajaivaa: kazia vifungo VYOTE kwa uzi wa poliesta, vile vya kiwandani vimeshonwa kwa uzi mmoja unaofumuka ukivuta mkia wake. Kaptula ya mvulana weka kiraka cha ndani makalioni, suruali weka magotini, cha kitambaa hichohicho ukipata, kabla ya tundu kutokea. Kiraka kikiwekwa mapema hakionekani na kitambaa cha juu kinakuwa na mgongo wa kuegemea. Ukisubiri tundu unashona aibu.

Hesabu ya mashati: wengi wananunua mawili wanafua kila jioni. Hiyo ndo ghali. Kinachomaliza shati la shule ni kufuliwa na kupigwa pasi kuliko hata kuvaliwa. Ukiwa na matatu au manne unafua mara mbili kwa wiki, una nafasi ya kufua vizuri, hufui kwa hasira saa tatu usiku. Sketi na kaptula mbili zinatosha, na hazihitaji kufuliwa kila siku. Piga brashi, tundika sehemu yenye hewa, doa likiwepo futa hilo doa tu.

---

Ticha_wa_Chini

Naongea kama mwalimu wa madarasa ya chini na pia mzazi. Fundi na Dobi mko sahihi ila kuna hela nyingine inavuja hamjaigusa: sweta zinazopotea. Mwisho wa muhula huwa tunakuwa na rundo la sweta kwenye kona, zote rangi moja, zote size moja, hakuna jina, na kila mzazi anasema la kwake lilikuwa jipya. Andika jina. Usiandike kwa peni kwenye lebo, linaoshwa likaisha, shona kipande cha utepe wa pamba ulioandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, ndani ya mshono wa ubavu, sio shingoni wala nje ambako mtu asiyemjua mtoto anaweza kusoma jina na kumwita.

La pili, mtoto abadilishe nguo akifika tu nyumbani, kabla ya chochote, kabla hata ya kuulizwa amejifunza nini. Madoa mengi mnayopambana nayo sio ya darasani, ni ya saa kumi jioni. Darasani ni wino, rangi za maji na chaki, basi.

La tatu la nembo. Mama hapo sio kufua, hapo ni kuongea. Shule ikilazimisha sweta, shati, soksi na mkoba vyote viwe na nembo na viuzwe mahali pamoja hakuna ujanja wa beseni utakaokuokoa. Pelekeni hoja kwenye kikao cha wazazi: nembo iwe ya kitambaa, iuzwe peke yake, mzazi ashone juu ya sweta lolote la rangi hiyo. Uingereza waliona hili likawa kubwa mpaka ikapitishwa sheria mwaka 2021 ya gharama za sare, na mwongozo uliotokana nayo unaziambia shule za England zipunguze vitu vyenye nembo na zihakikishe sare za mitumba zinapatikana kwa wazazi. Kwahiyo msione aibu kuuliza, sio uchoyo, wenzetu wamelifikisha bungeni.

Na hiyo ya mitumba msiidharau. Mtoto wa darasa la tatu anaacha sketi ikiwa nzima kabisa kwasababu tu karefuka. Hata bila shule kuhusika wazazi watano wenye watoto wanaofuatana wanaweza kuzungushiana nguo na hakuna atakayejua.

---

MamaWawili

Asanteni jamani, nimefanya lile la mapovu sasa hivi na kweli shati "safi" limetoa povu mpaka nikaita watu waone!! Pakaboneti nitaitafuta kesho.

Ila nina nyongeza. Mdogo anatumia peni na mfuko wa shati ndo kasha lake la kalamu, kila wiki kuna wino. Na juzi kaanguka magoti yanatoka damu, nikakimbilia maji ya moto, doa limekuwa la kahawia halitoki. Na siku za mvua nguo hazikauki, anavaa ikiwa na unyevu inanuka. Sketi iliyopauka je? Na Ticha, kikao cha wazazi nitaenda ila mwenyekiti wa kamati ndo muuza sweta, mtanielewa.

---

Ticha_wa_Chini

Hahaha hapo umenifunga mdomo. Andikeni barua mkiwa wengi, mtu mmoja atabishiwa, thelathini watasikilizwa. Na ombeni kitu kidogo kwanza, nembo ya kushona tu, msianze na kumtoa mtu kwenye biashara yake.

---

DobiMstaafu

Damu, maziwa, yai, jasho, hayo yote ni protini, na protini ukiipiga maji ya moto inaiva ndani ya uzi vilevile yai linavyoganda kikaangoni. Siku zote maji BARIDI na mapema. Kwa hilo ambalo limeshaiva tafuta sabuni ya unga yenye vimeng'enya (imeandikwa enzaimu kwenye pakiti), loweka saa moja kwenye uvuguvugu tu, usichemshe maana vimeng'enya navyo vinaiva. Kama ni shati jeupe haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya dukani kwa dawa, dondoshea juu, itatoa povu, futa, rudia. Nguo ya rangi usifanye hivyo bila kujaribu sehemu ya ndani.

Wino inategemea peni gani. Peni ya kawaida ya kichwa cha duara wino wake ni wa mafuta, maji hayaujui. Weka kitambaa chakavu CHINI ya doa, chukua spiriti au ile dawa ya kutakasa mikono yenye pombe, loweka pamba, gonga doa ukianzia pembeni kuja katikati, wino unashuka kwenye kitambaa cha chini, unakihamisha kila kikilowa, unaendelea. Usisugue, ukisugua unaupanua unapata ziwa. Ukimaliza ndo sabuni. Peni ya jeli na wino wa maji anza na maji baridi yanayotiririka. Na ukishamaliza hakikisha wino umetoka kabla hujapiga pasi, joto la pasi linalifungia doa lolote humo ndani.

Tope acha likauke kabisa, piga brashi, lililobaki ndo ufue, tope bichi ukilisugua unalipeleka ndani. Majani ya uwanjani yana ile rangi ya kijani, spiriti kidogo kwanza alafu sabuni ya vimeng'enya. Bigijii weka barafu ikakamae uibandue. Kutu (kwenye vifungo vya chuma au waya wa kuanikia) ndimu au asidi ya sitriki, na hapo usiguse blichi ya klorini, kutu inazidi kuwa nyekundu.

Siku za mvua: baada ya kukamua, tandaza taulo kavu, laza shati juu, lizungushe na taulo kama mkeka kisha likanyage kwa magoti. Utashangaa maji yanayobaki kwenye taulo. Tundika ndani kwenye henga mahali hewa inapita, hewa ndo inakausha kuliko joto. Hiyo harufu ni vijidudu vinavyofurahia unyevu, nguo ikikaa na maji muda mrefu wanazaana.

Sketi iliyopauka ndo imepauka, rangi iliyoliwa na jua hairudi kwa kufua. Unaweza kuitia rangi upya lakini kumbuka rangi za kawaida za nyumbani zinashika pamba, poliesta inazikataa, utapata bluu ya mabaka. Ya mpya anika ndani nje, kivulini. Jua ni la mashati meupe na soksi.

---

Kemia_Kidogo

Nimeona swali la "hazishiki madoa" limepitwa. Baba watoto asikilize hapa.

Nguo hizo nyingi zimekuwa zikipakwa kemikali za kundi linaloitwa PFAS, zinafanya maji na mafuta yateleze. Kazi zinafanya kweli, juisi inamwagika inatengeneza vidonge inaanguka. Shida ni kwamba upako unapungua kila ukifua na kila mtoto akijisugua kwenye dawati, na kemikali zenyewe hazivunjiki kirahisi, zinabaki kwenye maji na udongo miaka na miaka, na baadhi yake zinahusishwa na madhara ya kiafya. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani na Kanada walichapisha kazi ambayo walipima vitambaa vya watoto zikiwemo sare, na sare zilizouzwa kama hazishiki madoa nyingi zilikutwa nazo. Mtoto anaivaa siku nzima ngozini. Mie nisingelipia zaidi kwa ajili hiyo, hela hiyo ongeza shati la nne kama alivyosema fundi.

Na jambo moja la hatari kabla watu hawajaanza kuchanganya dawa za humu kwenye beseni moja: blichi ya klorini na siki, ndimu au asidi yoyote vinatoa gesi ya klorini. Klorini na amonia navyo vinatoa gesi mbaya. Sio hadithi, watu wanakimbizwa hospitali. Dobi kataja ndimu kwa kutu na wengine bado wana blichi ndani, kwahiyo dawa moja kwa wakati, suuza mpaka iishe, ndo uingie nyingine.

---

BabaKijacho

Kemia umeniokoa, nilikuwa nishaandaa siki na blichi hapa 😅 Sasa nani atamjibu mama habari ya sweta?

---

FundiCherehani

Sweta namjibu mimi. Hayo mavinyoya ya duara ni nyuzi fupi zilizotoka juu zikajisokota kwa kusuguana, mikono na ubavu ndo wanaanza. Sweta nyingi za shule ni akriliki, uzi wake una nguvu kwahiyo vile vidude vinaning'inia havidondoki, sufu halisi vinadondoka vyenyewe. Laza sweta mezani, livute likaze kidogo, chukua wembe wa kunyolea uliotumika (usiwe mpya, mpya unakata uzi), ulaze karibu tambarare na upite kwa wepesi kuelekea upande mmoja. Mwanga utoke pembeni ili uvione. Vinatoka kama vumbi. Usivivute kwa vidole, ukivuta unatoa uzi mwingine na kesho vimerudi vingi zaidi.

Kulifua: ligeuze ndani nje, maji ya kawaida, likandamizekandamize usilifikiche na usilisokote. Lisitundikwe kwa mabega likiwa na maji, uzito unalivuta mpaka linamfika magotini, lilaze juu ya taulo. Pasi usiliguse, akriliki ikipata joto inalegea na haijirudi tena, utabaki na kitu cha kufutia meza. Kama ni sufu maji ya moto na kusugua vinalifanya lirudi liwe dogo, litamfaa mdoli.

Na pasi kwa ujumla tazama vile vinukta kwenye lebo, kimoja ni kama nyuzijoto 110 za Selsiasi, viwili 150, vitatu 200. Poliesta iko kwenye kimoja au viwili. Ile suruali au sketi ya bluu inayometameta makalioni imepigwa pasi ya moto moja kwa moja juu, nyuzi zimelalia, pigia upande wa ndani au weka kitambaa chepesi chenye unyevu juu yake. Marinda yashonee kwa uzi mrefu wa mkono kule chini kabla ya kufua, ukimaliza kupasi unauvuta unatoka wote, dakika kumi zimekuokolea nusu saa ya kupanga rinda mojamoja.

---

MamaWawili

Nimenyoa mkono mmoja wa sweta tayari, mkubwa anasema linafanana na la mwaka jana. Fundi swali la mwisho nikushukuru nilale: nimeshusha upindo wa sketi ile ya zamani na mstari wa upindo wa kwanza unaonekana kabisa, mweupe.

---

FundiCherehani

Angalia kama ni mkunjo au ni rangi. Lowesha mstari kwa maji yenye siki nyeupe kidogo, weka kitambaa juu, bonyeza pasi bila kuiburuta. Ukiondoka ulikuwa mkunjo. Ukibaki mweupe ni rangi imesuguliwa ikaisha, hapo piga mshono wa mashine juu yake kwa uzi wa bluu uleule, na mshono mwingine sentimita moja chini yake ili ionekane ndo mtindo. Nimefanya kwenye sketi nyingi tu, walimu wanadhani zimeletwa hivyo.